Bi Sababu, Karani wa Wodi ya Wazazi

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofanya kazi na marehemu, poleni kwa msiba na poleni kwa safari, mimi niliyesimama mbele yenu ni mdogo wake, niliyemfuata mgongoni kabisa, yaani mimi ndiye niliyesababisha aachishwe ziwa, kosa ambalo alinikumbusha mpaka mwezi uliopita kila alipotaka nimfanyie kazi yake, na wanawe wamenipa jukumu la kusoma historia hii kwa kuwa, kama walivyosema, mjomba ndiye pekee aliyebaki ambaye alikuwepo karibu tangu mwanzo.

Dada yetu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya tanuri la matofali ambako baba yetu alikuwa mchochea moto na mama yetu alishona nguo za watoto kwa cherehani ya mkono. Mama yetu alibeba mimba saba, tukakua watano, na kati ya hao watano marehemu alikuwa wa pili na mimi wa tatu.

Kuhusu elimu, alianza shule ya msingi Januari 1959, akamaliza darasa la nane Novemba 1966, akiwa na mwandiko ambao walimu waliutumia kuandikia matangazo ya ubaoni. Inasimuliwa kwamba akiwa darasa la sita mwalimu aliita majina asubuhi, akamwandika mwenzao mmoja kuwa mtoro, dada akanyoosha kidole akasema, "Mwalimu, si mtoro, ana homa, mama yake kaniambia," mwalimu akamjibu kwamba rejista haina mahali pa kuandika homa, naye akasema, "Basi paongezwe." Mimi sikuwa darasa lile, na msimulizi wa habari hii siku zote alikuwa ni yeye mwenyewe, kwa hiyo mnaweza kuipunguza kidogo, lakini msiifute yote.

Baada ya kusomea ukarani na kupiga chapa kwa miezi kumi na nane, aliajiriwa tarehe 1 Julai 1970 katika hospitali ya wilaya, kwenye dirisha la mapokezi, akiandika kadi za wagonjwa. Ni hapo dirishani ndipo alipoletewa kijana mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyeungua mkono, akamwuliza jina, umri na mahali anapoishi, kijana akajibu yote, kisha akauliza, "Na wewe dada, kadi yako inasemaje?" Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1972, na shemeji yangu, aliyetutangulia mwaka 2011, alizoea kusema kwamba ule moto ndio pekee aliowahi kuushukuru.

Sasa nafika mahali ambapo historia nyingi za marehemu huruka, nasi tumekubaliana kama familia kwamba hatutaruka, kwa kuwa yeye mwenyewe asingekubali.

Mimba yake ya kwanza ilitimiza miezi Januari 1974. Upande wa mumewe ulitaka kifungua mimba azaliwe nyumbani, kwa shangazi mtu, na ingawa dada alifanya kazi hospitalini, alikuwa mke mgeni wa miaka ishirini na miwili na hakutaka kuonekana mjuaji. Uchungu ulimshika Alhamisi asubuhi, tarehe 31, ukaendelea siku ile, ukaendelea Ijumaa, miguu ikavimba, kichwa kikamgonga mpaka akasema haoni vizuri, wakamwambia mtoto wa kwanza huwa hivyo, na Jumamosi mchana mumewe alipotoka karakana na kumkuta hatambui watu, aliazima gari la kubebea vyuma la tajiri wake akamkimbiza hospitali. Mtoto alitoka saa tisa alasiri. Hakulia. Walimfunga kitambaa, wakampitisha mlangoni, na mama yake hakuonyeshwa wala hakuambiwa ni wa kike au wa kiume, aliambiwa tu, "Wewe bado kijana, utazaa mwingine."

Maneno ya mtaani mnayajua, wapo waliosema alibeba ndoo nzito, wapo waliosema alimjibu mama mkwe vibaya, na mpaka wifi mmoja alidai ni zile chapa, kwamba kugonga mashine siku nzima kunamchosha mtoto tumboni. Dada hakumjibu mtu. Alirudi kazini baada ya wiki mbili, na miaka saba iliyofuata hakulitaja jambo hilo hata kwangu.

Mungu alimjalia watoto watatu baada ya hapo, wa kwanza wao alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1975 na sasa ni dereva wa malori, wa pili ni binti aliyezaliwa tarehe 22 Aprili 1978 na sasa ni mwalimu, na kitinda mimba nitamtaja mahali pake. Wote alijifungulia hospitali, na kila mara alihamia kwangu majuma mawili kabla, kwa sababu kutoka kwangu mpaka geti la hospitali ni mwendo wa kuvuka barabara, na hakuna shangazi aliyethubutu tena kusema neno.

Januari 1981 alihamishiwa wodi ya wazazi kuwa karani wa rejista, na mwezi Juni mwaka huohuo akaagizwa kupanga rejista za zamani zilizorundikwa kwenye kabati la chuma karibu na chumba cha kufulia. Akiwa anafuta vumbi, alifungua ile ya mwaka 1974, na hakuifungua kwa bahati mbaya, alikiri hivyo kwangu baadaye. Aliitafuta tarehe 2 Februari, akaukuta mstari wake, umri wake, kitanda namba nne, kisha maneno haya: mtoto wa kike, kilo mbili na gramu mia tisa, amezaliwa mfu, na kwenye safu ya mwisho palipochapwa neno SABABU, kulikuwa na kistari kifupi cha kalamu.

Alitembea mpaka karakana ya mumewe, mchana, na sare yake, akamwita nje, akamwambia, "Alikuwa wa kike." Shemeji alivua kile kioo cha kuzuia cheche, akakaa chini kwenye vyuma, akasema, "Najua. Nilimzika mimi. Waliniambia nisikuambie, utaumia." Dada akamwuliza, "Na miaka saba hii, nilikuwa siumii?" Alinisimulia shemeji mwenyewe, na alisema ndiyo siku waliyolia pamoja kwa mara ya kwanza, mbele ya mafundi wenzake, na hakuona haya. Tangu siku hiyo, kila alipoulizwa ana watoto wangapi, dada yetu alijibu wanne, na ndivyo ilivyoandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa historia hii, kwamba marehemu alijaliwa watoto wanne, wa kwanza wa kike.

Alirudi kabatini akasoma rejista zote za miaka kumi na moja. Alikuta vistari mamia. Penye maneno, palikuwa na maneno mawili tu, "haijulikani" au "amri ya Mungu", naye alisema yeye ni mcha Mungu kuliko wengi wa wale walioandika, lakini haamini kwamba Mungu huwaamrisha zaidi wale wanaoishi ng'ambo ya mto, mbali na hospitali.

Basi, tarehe 1 Julai 1981 alinunua daftari kubwa lenye jalada gumu, akachora safu kwa rula, akaanza kuwauliza akina mama waliofiwa na watoto, waliozaliwa wafu na waliofariki kabla ya kutimiza siku saba. Hakuwauliza akiwa amesimama. Aliburuta kigoda mpaka kitandani, akaanza hivi, "Pole, mwenzangu. Mimi pia nililala kitanda namba nne. Naomba kukuuliza, na ukichoka uniambie ninyamaze." Kisha akauliza umetoka wapi na umetumia saa ngapi njiani, uchungu ulianza siku gani, kliniki ulikwenda mara ngapi, je, walikufunga ule mpira wa presha mkononi, walikutoa damu kupima, miguu ilivimba, uliwahi kupoteza mwingine, aliyemtangulia huyu ana miaka mingapi, ni mapacha. Mama mmoja, muuza mkaa, alimaliza kujibu yote akamwambia, "Wengine wote wamenipa pole. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Lakini kilichomtofautisha dada yetu, na hapa mniruhusu nijivune maana ni damu yangu, ni kwamba alipomaliza kwa aliyefiwa, alihamisha kigoda mpaka kitanda cha jirani, kwa mama aliyejifungua siku hiyohiyo na mtoto wake yuko hai, akamwuliza maswali yaleyale. Nilimwambia huko ni kujitafutia kazi, akanijibu, "Ukimwuliza aliyefiwa peke yake, utajua yaliyompata. Hutajua kama yamempata yeye tu." Hakuwahi kufundishwa hilo na mtu. Alikuwa na cheti cha kupiga chapa.

Wauguzi walianza kumwita Bi Sababu, kwa kumcheka, naye akalipokea jina kama aliyepewa cheo.

Kwa miezi ishirini na saba alijaza habari za watoto mia mbili na kumi na wanne, na majirani zao idadi hiyohiyo. Ndipo akaanza kuona. Kati ya waliofiwa, themanini na wanane walikuwa na uchungu zaidi ya siku nzima kabla ya kufika hospitali, kati ya majirani ni ishirini na mmoja tu. Waliowahi kupoteza mtoto kabla walikuwa sitini na mmoja, majirani kumi na tisa, na hakuna aliyekuwa amewaambia kliniki kwamba wao waangaliwe zaidi. Wale ambao presha haikuwahi kupimwa walikuwa karibu mara mbili ya majirani. Walikuwemo mabinti wa miaka kumi na sita, walikuwemo mama wa mapacha ambao hawakujua ni mapacha mpaka wa pili alipotoa mguu, walikuwemo waliokuwa na kaswende ambayo sindano ingeimaliza, kama damu ingepimwa.

Na kulikuwa na jambo moja lililomnyima usingizi. Watoto wenye kilo chache sana, waliozaliwa hai, wakalia, walikufa zaidi siku ambazo maji yalitoka bombani. Siku ambazo maji yalikatika, walipona wengi zaidi. Alihesabu upya mara tatu akidhani amekosea safu. Kisha akaenda akasimama mlangoni mwa chumba cha kujifungulia akaangalia, akaona kwamba mtoto akizaliwa, kitu cha kwanza alichofanyiwa ni kuogeshwa chini ya bomba, kisha kuwekwa kwenye sinia la chuma chini ya dirisha, akisubiri mama yake ashonwe.

Alimpelekea Mkunga Mkuu habari hiyo, Septemba 1983. Mkunga Mkuu alikuwa mama mkali, msafi, ambaye sakafu yake ungeweza kulia chakula. Akamwuliza, "Kwa hiyo karani, unataka kusema uchafu ndio dawa?" Dada akajibu, "Sisemi hivyo, mkubwa wangu. Nasema baridi ndiyo sumu." Mkunga Mkuu akasema yeye amezalisha watoto elfu tano wakati dada anazalisha karatasi. Jioni ile Mganga Mkuu wa wakati huo alilichukua daftari, akaandika kwamba karani anapeleleza watumishi na kuwasumbua wafiwa, na kufikia Jumatatu dada alikuwa ameshahamishiwa ghala la mashuka.

Alikaa ghalani miezi kumi na minne. Nilimtembelea mara nyingi, kulikuwa na dirisha dogo la nondo, rafu za mbao na harufu ya sabuni ya magadi, naye anahesabu mashuka yanayoingia na yanayotoka. Nilimwambia aache kazi, tufungue duka la vitambaa. Akaniambia, "Mdogo wangu, hapa napo pananifundisha. Mashuka ya leba yanarudi na damu nyingi siku za Jumapili, wakati mkunga yuko mmoja." Nikajua huyu mtu hatibiki.

Novemba 1984 alikuja Mganga Mkuu mpya, daktari mfupi mwenye miwani minene, ambaye siku ya tatu alifungua droo za mtangulizi wake akitafuta kibanio cha karatasi, akakuta daftari. Alilisoma tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana kikapoa, kisha akateremka mwenyewe ghalani, akasimama katikati ya mashuka, akauliza, "Ni nani aliyekufundisha kuuliza kitanda cha jirani?" Dada alidhani anaanza kusutwa upya, akajibu, "Hakuna, daktari. Ni kosa langu mwenyewe." Daktari akasema, "Basi njoo ulirudie kosa hilo mbele ya watu."

Mkutano ulifanyika tarehe 11 Desemba 1984 katika chumba cha chai cha wauguzi, na dada alisimama na sare ya ghalani akasoma takwimu zake ukurasa kwa ukurasa. Alifika kwenye watoto wadogo na maji ya bomba. Mkunga Mkuu aliomba daftari. Akafunua, akasoma tarehe zile, na kwa kuwa alikuwa na kumbukumbu ya ajabu aliwajua mmoja mmoja, huyu ni wa yule mama wa sokoni, huyu ni wa mke wa mlinzi, na huyu nilimwogesha kwa mikono yangu hii. Alivua miwani. Wengi walitegemea mvua ya matusi. Akasema, "Nilikuwa nawaogesha kwa kuwa nawapenda," kisha akasema, "kuanzia kesho asiogeshwe mtoto. Apanguswe, awekwe kifuani kwa mama yake, afunikwe." Dada yetu alisema mara nyingi kwamba kuuliza maswali hakukuhitaji ushujaa, ushujaa ni ule aliouona siku hiyo, mtu mwenye miaka ishirini na sita ya kazi kugeuka mbele ya wadogo zake. Wawili hao walikuwa marafiki mpaka juzi, na Mkunga Mkuu yupo nasi hapa mstari wa mbele, kwenye kiti chake cha magurudumu, ana miaka themanini na sita na bado anakagua kama viti vimefutwa.

Yaliyofuata mnayajua wengi. Kila mama aliyekwenda kliniki alifungwa mpira wa presha, asipofungwa karani anauliza kwa nini. Aliyewahi kupoteza mtoto kadi yake ilipigwa alama nyekundu, aonwe na daktari. Tarehe 20 Mei 1986 ilifunguliwa nyumba ya kusubiria, vyumba vinne na jiko ndani ya uzio wa hospitali, kwa wanaotoka mbali na wenye alama nyekundu, waje wiki mbili kabla ya siku zao, na vitanda kumi na viwili vya nyumba ile vilichomelewa na shemeji yangu, bure, kila kimoja kwa vipimo vya mwanamke mjamzito, maana alisema vitanda vya hospitali vilipimiwa wanajeshi. Mwaka 1983 wodi ile ilipoteza watoto mia moja na tatu, mwaka 1989 ikapoteza thelathini na tisa, na akina mama waliojifungua walikuwa wameongezeka. Dada hakusema "tumepunguza". Alisema, "Wamebaki thelathini na tisa, na kila mmoja ana sababu yake."

Kitinda mimba wake alizaliwa wodini humo tarehe 3 Agosti 1986, mikononi mwa Mkunga Mkuu mwenyewe, na ndiye mtoto wa kwanza katika ukoo wetu kukaa siku nzima bila kuoga tangu azaliwe, tabia ambayo, kwa mujibu wa mkewe, hajaiacha.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2006 baada ya miaka thelathini na sita ya kazi, bila kupanda cheo zaidi ya karani mwandamizi, na hatulalamiki, tunaeleza tu. Makarani wa hospitali nyingine walikuja kujifunza kwake, alikuwa akiwapa kigoda kwanza, rula baadaye.

Kuhusu ugonjwa, presha iliyomwanza katika mimba ile ya mwaka 1974 ilirudi utu uzima wake, ikagundulika mwaka 2009, na Machi 2019 alipata kiharusi chepesi kilichomlegeza mkono wa kulia, akajifunza kuandika kwa kushoto, vibaya, akiwa amekasirika. Tangu mwaka jana figo zilianza kuchoka. Alilazwa tarehe 5 Oktoba 2023 katika hospitali ileile, akamhoji daktari aliyemtibu kuhusu kila dawa, na alipoambiwa kwamba zimebaki siku chache, alimwambia bintiye, "Andikeni figo na presha. Msiweke kistari." Alifariki Jumanne, tarehe 17 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa bintiye. Ameacha watoto watatu, wajukuu wanane, kitukuu mmoja na wadogo zake watatu, nikiwemo mimi niliyemnyima ziwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba mbili, waliomvumilia, wafanyakazi wenzake wa zamani na wa sasa, waliokuja na sare zao moja kwa moja kutoka zamu, majirani waliopika, waliochota maji na waliotoa viti, na mafundi wa karakana ya shemeji waliotengeneza jeneza lake bila kuombwa.

Shukrani ya mwisho haimo kwenye karatasi niliyopewa, nimeiandika mwenyewe asubuhi hii. Kazi yote aliyosifiwa dada yangu ilitoka katika vinywa vya akina mama waliojibu maswali siku ambayo mtu hapaswi kuulizwa hata anywe chai au asinywe. Waliambiwa wasahau, wao wakakumbuka kwa sauti, na yeye akaandika. Kama yupo hapa aliyewahi kuletewa kigoda kile kitandani, namwomba asimame, kama anaweza, tumwone.

Nasubiri.

Ahsanteni. Sikujua mko wengi hivi. Ahsante mama pale nyuma, ahsante bibi, na wewe pia, wifi yake marehemu, nami miaka yote hii sikujua. Msikae bado, tafadhali, simameni mpaka tumtoe nje, apite katikati yenu.

Pumzika, dada yangu, kwa amani uliyowatafutia wenzako.